Bunduki Tupu Haipo

Wapenzi wa tamthilia tunamjua Chekhov na bunduki yake. Katika barua ya mwaka 1889 alishauri kwamba silaha yenye risasi isiwekwe jukwaani kama hakuna atakayeifyatua. Tangu hapo tumezoea: tukiiona bunduki kwenye ukurasa wa kumi, tunaisubiri ilie. Basi kuna mahali ambapo ushauri huo umegeuzwa kichwa chini miguu juu, nako ni klabu ya kulenga shabaha siku ya mashindano. Pale kila mtu kaja na bunduki yake, kila bunduki imeletwa ili ifyatuliwe, na bado sehemu kubwa ya kanuni inahusu namna ya kuhakikisha haifyatuki.

Nilianza kuzisoma kanuni hizi kwa sababu ya kazi. Nikaendelea kuzisoma kwa sababu ya sentensi moja tu.

Jeff Cooper, askari wa zamani wa Marekani aliyefungua shule ya silaha Arizona mwaka 1976, alikusanya usalama wa bunduki katika kanuni nne ambazo leo zinarudiwa kwenye vilabu vingi duniani. Tatu hazina ubishi. Usielekeze mtutu kwenye kitu ambacho hauko tayari kukiharibu. Usiweke kidole kwenye kifyatulio kabla hujalenga. Ijue shabaha yako na kilicho nyuma yake. Lakini ile inayotangulia zote inasema hivi: kila bunduki ina risasi, wakati wote.

Sasa hiyo, kwa maana ya kawaida ya maneno, si kweli. Umeifungua bunduki, umechungulia ndani, umepitisha kidole pale risasi inapokaa, hakuna kitu. Unajua ni tupu kama unavyojua kwamba leo ni Jumamosi. Kanuni inakuambia uishi kana kwamba hujui. Mtu mkweli afanye nini na agizo la namna hiyo? Tumefundishwa kwamba kutenda kulingana na ukweli ndiyo akili. Hapa tunaambiwa akili ni kutenda kulingana na jambo ambalo tumelihakikisha kuwa uongo.

Mwaka 1877 Mwingereza W. K. Clifford aliandika insha kuhusu maadili ya kuamini. Mfano wake maarufu ni mwenye meli aliyeanza kuitilia shaka meli yake kuukuu, kisha akajituliza moyo: imesafiri mara nyingi, Mungu atawalinda abiria. Akaamini kwa dhati, meli ikaondoka, ikazama. Clifford anasema ana hatia, na kwamba angekuwa na hatia ileile hata kama meli ingefika salama, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini alichokiamini. Kesi ya uwanja wa shabaha ni ngumu kuliko hiyo. Mwenye meli hakukagua. Mpiga shabaha amekagua, ana haki zote za kuamini. Na bado anakatazwa kuitumia imani yake.

Kwa nini? Jibu jepesi ni kwamba binadamu husahau. Ukizoea kuigeuza-geuza bunduki tupu, siku moja utaigeuza isiyo tupu, maana mkono hauulizi kichwa. Ni kweli, ila nadhani jibu hilo halifiki mwisho.

Tazama kinachotokea katikati ya mashindano, pale watu wanapokwenda kubadilisha karatasi za shabaha. Chukua mashindano ya mita 50, bunduki ndogo ya risasi ya milimita 5.6, ile ambayo wengine huiona kama ya kuchezea ingawa risasi yake inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja. Duara la alama kumi lina upana wa milimita 10.4, dogo kuliko kucha ya kidole gumba changu. Msimamizi anaamuru kusimama. Kila mmoja anatoa risasi, anaacha bunduki wazi, anachomeka kibendera cha usalama, kijiti cha plastiki chenye rangi kali ambacho kikiwa ndani bunduki haiwezi kufungwa. Halafu watu wote wanarudi nyuma ya mstari. Na hapo ndipo penye jambo: mpaka wa mwisho arudi kutoka kwenye shabaha, hakuna ruhusa ya kugusa bunduki. Si kulenga, si kuijaza. Kugusa. Hata kuifuta vumbi hapana.

Bunduki imekaguliwa, iko wazi, ina kijiti ndani. Kuifuta kutamdhuru nani? Hakuna. Ila mfikirie yule anayetembea kuelekea kwenye shabaha zake. Amewapa mgongo watu wengi wenye silaha. Hawezi kuona nani kakagua na nani hakukagua. Akisikia chuma kikigongana nyuma yake, hana namna ya kutofautisha kitambaa na kitu kingine. Ujuzi wangu kwamba bunduki yangu ni tupu umo kichwani mwangu, na yeye hayumo kichwani mwangu. Kwake yeye, kila bunduki iliyo nyuma ya mgongo wake ina risasi, wakati wote. Ile sentensi niliyoiita uongo ni kweli kabisa ukiisoma ukiwa umesimama mahali pake.

Kwa hiyo mimi naielewa kanuni hii kama kanuni ya mgongo. Haiulizi mimi najua nini. Inauliza mwenzangu anaweza kujua nini, na inanitaka nitende kwa kipimo chake. Kibendera nacho ni hivyohivyo: kinautoa ujuzi wangu kichwani na kuuweka mahali ambapo hata mgeni akiwa hatua kadhaa pembeni ataweza kuuona. Yule anayetembea hapaswi kutegemea wema wangu. Anapaswa kuweza kwenda na kurudi bila kugeuka nyuma.

Linganisha na kilichotokea New Mexico, Oktoba 2021, kwenye utengenezaji wa filamu ya Rust. Wakati wa mazoezi ya tukio ilitangazwa kwamba silaha ni “baridi”, yaani haina risasi ya moto. Neno lilitoka kwa mtu mwenye mamlaka, likapokelewa. Risasi ilikuwamo. Mpiga picha Halyna Hutchins akafa, mwongozaji akajeruhiwa. Najua filamu si uwanja wa shabaha. Mwigizaji kazi yake humtaka wakati mwingine aelekeze silaha pale ambapo Cooper angemfokea. Hata hivyo tofauti ninayoiona ni hii. Kwenye filamu ile “tupu” lilikuwa neno la mtu, likasafiri kutoka mdomo hadi sikio. Kwenye mstari wa shabaha neno la mtu halina thamani yoyote. Unapokabidhiwa bunduki unaonyeshwa ndani yake, na hata kama umeonyeshwa, unaangalia tena mwenyewe.

Hapo ndipo watu wengi hukwazika. Kuangalia tena ni kama kumwambia aliyekupa kwamba humwamini. Fikiria mzee aliyepiga shabaha miaka arobaini, ana makombe kabatini, na msimamizi wa siku hiyo ni binti wa miaka ishirini na mbili anayemwambia, nionyeshe. Msomaji uliyelelewa kwa shikamoo utalihisi hilo mwilini. Tena kuna zaidi: katika vilabu vingi yeyote anayeona hatari anaruhusiwa kupaza sauti “simama!”, awe mwanachama wa juzi au mtoto wa mwanachama, na wote husimama kwanza, maswali baadaye. Kwetu sisi, mtoto kumwamuru mzee asimame ni habari ya kuzungumzwa mtaa mzima.

Mimi naona heshima haijaondolewa pale, imehamishwa. Mzee akikaguliwa sawasawa na aliyejiunga wiki iliyopita, hakuna anayetuhumiwa. Tusi lingekuwa kumkagua yeye peke yake. Au, na hili ndilo hatari zaidi, kumwacha yeye peke yake. Siku klabu itakapoanza kusema “huyu tunamjua,” itabidi iamue nani hatujulikani vya kutosha, na uamuzi huo katika nchi yoyote huwa una rangi, kabila, umri na lafudhi ndani yake.

Linabaki suala la adhabu, ambalo sijalimaliza. Chini ya kanuni za kimataifa, ukishika silaha kwa namna ya hatari unaweza kuondolewa mashindanoni, hata kama bunduki ilikuwa tupu na hakuna aliyeguswa. Mwaka 1976 Bernard Williams na Thomas Nagel waliandika kuhusu bahati katika maadili: madereva wawili wazembe kwa kiwango kimoja, mmoja anakutana na mtoto barabarani, mwingine barabara iko wazi, na sisi tunamwita wa kwanza muuaji, wa pili tunamwacha aende zake nyumbani. Uwanja wa shabaha ni moja ya sehemu chache ninazozijua ambako dereva wa pili naye anashikwa. Kwa hilo nauheshimu.

Ila bahati haikufukuzwa yote. Athens 2004, fainali ya bunduki ya mita 50 kwa mikao mitatu, Mmarekani Matthew Emmons alikuwa mbele kwa alama 3 ikibaki risasi moja. Akalenga, akafyatua, na risasi ikatua vizuri tu, kwenye shabaha ya jirani. Sifuri. Akashuka hadi nafasi ya nane na dhahabu ikaenda kwa Jia Zhanbo wa China. Hakumhatarisha mtu, na hakuna aliyesema ni mtu mbaya. Inashangaza kidogo kwamba yule aliyekosea namba ya shabaha dunia nzima inamkumbuka, na yule aliyezungusha mtutu nyuma ya migongo ya watu anapanda gari akiwa hana jina.

Pengine ni sawa asiwe na jina. Tuseme ni kijana wa miaka kumi na sita, mashindano yake ya kwanza, ameitwa na rafiki yake, akageuka mzima-mzima na bunduki mkononi. Nakubali aondolewe siku hiyo, palepale, bila kusikiliza kwamba “lakini ilikuwa tupu”. Lakini ningependa Jumamosi inayofuata mtu ampigie simu aje. Asimame kwenye mstari na wengine, na bunduki yake ikaguliwe kama ya yule mzee, si mara moja zaidi.