Kazi Ikikoma, Nyumba Isiwe Kimya



Juma hili twapenda kusema nanyi juu ya msiba usio na matanga. Mtu akifiwa, majirani hukusanyika, moto huwashwa uani, na kina mama huja na unga. Lakini mtu akiachishwa kazi, hakuna apigaye mbiu. Hurudi nyumbani na barua mfukoni, hula chakula chake bila kusema neno, na kesho yake huamka alfajiri ile ile, huvaa shati lake la kazini na kutoka, ili mkewe na watoto wasijue. Siku hizo zaweza kuwa mbili, zaweza kuwa arobaini. Juu ya siku hizo ndipo tutakapo kusema, kwa maana twaona ya kuwa hasara inayofanyika ndani yake mara nyingi yapita ile ya mshahara.

Tuchukue mfano wa Zuzu, kata iliyo magharibi mwa Dodoma. Watu wa nyanda hizi tangu zamani ni wakulima wa uwele na mtama, na wachungaji wa ng'ombe. Mwaka 1973 iliamuliwa kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, na tangu mwaka 2016 Serikali ilipoanza kuhamia kwa nguvu, mji umekua mpaka kuvifikia vijiji vya kando. Vijana wengi wamejifunza kuishi kwa ujira: kufyatua matofali, kufunga nondo, kuchanganya zege, kulinda maghala, kupikia mafundi. Hii ni neema, nasi twaishukuru. Lakini kazi ya ujenzi ina tabia yake. Siku jengo linapokamilika na wakubwa wanapokata utepe, fundi aliyelijenga hana kazi tena. Sherehe ya mji ndiyo mwanzo wa mashaka yake.

Basi, neno la kwanza tulilo nalo ni hili: isidhaniwe kwamba kila aachishwaye kazi amefanya kosa. Mkoa wa Dodoma una ushahidi mkubwa wa jambo hili. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza huko Kongwa mpango wa kulima karanga, ili kuondoa upungufu wa mafuta ya kula uliofuata Vita Kuu ya Pili. Walikusudia kufyeka mapori ya ekari zaidi ya milioni 3, sehemu kubwa katika Tanganyika. Matrekta yaliletwa, na watu wakaja kutoka karibu na mbali kutafuta mshahara. Lakini udongo wa Kongwa una mfinyanzi mwingi, nao ukikauka huwa mgumu kama saruji. Mvua nayo haikuwa ya kutegemewa. Januari 1951 mpango ule uliachwa, na hasara yake ilikuwa kiasi cha paundi milioni 36. Je, kibarua aliyeng'oa visiki ndiye aliyechagua udongo? Dereva wa trekta ndiye aliyekadiria mvua? Hata kidogo. Walioamua walikuwa mbali, naye akapoteza ujira wake kwa hesabu asiyoipiga yeye. Ndivyo ilivyokuwa tena katika miaka ya 1990, mashirika mengi ya umma yalipouzwa au kufungwa, na neno la kupunguzwa kazini likaingia katika nyumba za watu waliokuwa hodari na waaminifu.

Kwa hiyo, ewe uliyeachishwa, usijihukumu kabla ya kujua sababu. Na wewe jirani, usimhukumu. Mwajiri aweza kumnyima mtu mshahara wa kesho, lakini thamani ya mtu huyo haikuandikwa katika daftari la mishahara. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alifundisha mwaka 1981, katika barua yake juu ya kazi ya binadamu, ya kuwa kazi ipo kwa ajili ya mtu, na mtu hakuumbwa kwa ajili ya kazi. Mwenye kulishika fundisho hilo hawezi kusema kwamba kazi ikiondoka, mtu naye ameondoka.

Lakini mtauliza: je, yule aliyeachishwa kwa kosa lake mwenyewe? Huyo naye hakusahauliwa. Bwana wetu Yesu Kristu alitoa mfano juu ya mtu wa namna hiyo hiyo, nao tunausoma katika Injili ya Luka, sura ya 16. Msimamizi mmoja alishtakiwa kwamba anatapanya mali ya tajiri wake. Akaitwa, akatakiwa kutoa hesabu, na kuambiwa kuwa usimamizi wake umekoma. Mtu yule alikuwa na hatia, wala Bwana hakuusifu udanganyifu wake. Kilichosifiwa ni akili yake ya kutenda upesi. Hakujidanganya wala hakungoja mwujiza. Alijiambia waziwazi kwamba kazi imekwisha. Alipima nguvu zake, akaona jembe haliwezi na kuombaomba kwamtia haya. Kisha akawaza juu ya watu na nyumba ambazo zingeweza kumpokea. Ikiwa mtu wa dunia hii aliweza kufanya hivyo kwa hila, je, mwana wa nuru atashindwa kufanya hivyo kwa haki? Aliyekosa na atubu, arudishe alichochukua kama aweza, kisha ainuke. Toba haimfungi mtu chini, humwinua.

Tazameni basi jinsi ukimya unavyomharibia mtu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yampa mfanyakazi haki zake. Alipwaye kwa mwezi astahili kupewa notisi isiyopungua siku 28, au kulipwa badala yake. Aliyetumika miezi 12 au zaidi mfululizo astahili kiinua mgongo, yaani mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka kamili, isipite miaka 10, ila kama ameachishwa kwa haki kwa utovu wa nidhamu, au amekataa bila sababu kazi nyingine aliyopewa. Aliyetumika miaka 6, kwa mfano, hesabu yake ni mshahara wa siku 42. Astahili pia hati ya kuonyesha kwamba alifanya kazi hapo. Na aonaye kwamba ameachishwa isivyo haki aweza kupeleka shauri lake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, lakini apewa siku 30 tu. Akichelewa itampasa kwanza kueleza sababu nzito, nayo yaweza kukataliwa.

Siku thelathini! Sasa mkumbuke yule avaaye shati kila alfajiri na kwenda kukaa chini ya mti mjini. Mwezi mzima amewaficha watu wake, na katika mwezi huo hakuna aliyeweza kumwambia: barua hii si halali, twende tukaulize. Hakumwendea kiongozi wa chama cha wafanyakazi, wala hakuuliza kama michango yake katika mfuko wa hifadhi ya jamii yampa fao la upotevu wa ajira. Siku ya thelathini na moja anapokiri, mlango umekwisha kufungwa. Mwajiri alimwondolea kazi. Haki yake iliondolewa na haya.

Twawasihi basi, waume kwa wake, kwa kuwa kina mama pia huachishwa kazi nao huficha: semeni siku ile ile. Aliyeahidiana na mwenzake mbele ya altare, katika raha na katika taabu, hana ruhusa ya kuchukua taabu peke yake na kumwachia mwenzake kivuli cha raha. Nawe uambiwaye habari hii, uipokee kwa ulimi mpole. Usiulize kwanza alifanya nini. Uliza kama amekula. Watoto nao waambiwe kwa kipimo chao. Mtoto ajuaye kwamba nyumba imepungukiwa atavumilia viatu vya mwaka jana, lakini mtoto aonaye baba amenuna bila sababu atadhani kwamba yeye ndiye sababu.

Juma la kwanza, kaeni na karatasi na kalamu. Andikeni unga, kodi, ada, dawa na madeni. Mkishajua fedha iliyopo yafikia miezi mingapi, hofu itapungua, maana jambo lililohesabiwa halitishi kama lile lisilojulikana. Mwenye nyumba na mwalimu mkuu waendewe mapema, kabla hawajadai. Wengi humhurumia ajaye mwenyewe. Jihadharini na ile mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu. Jina hilo latosha kuwa onyo. Wala msikitie kiinua mgongo chote katika biashara msiyoijua. Mkulima wa Ugogo ajua jambo hili kuliko wasomi. Mvua za kwanza zikinyesha Desemba hamwagi mbegu zote shambani, maana ajua kwamba mvua yaweza kukatika na miche ikanyauka. Huweka akiba ghalani, apate kurudishia. Na anaporudishia, hapandi kwa moyo uliokufa; apanda akiamini kwamba ardhi ile ile iliyomnyima juzi yaweza kumpa kesho.

Tena asidharau kazi ndogo. Aliyekuwa msimamizi wa ghala na sasa afuga kuku, au alima bustani, au amshikia mwashi ndoo, hajashuka. Mkono wake ungali safi na mkate wake ungali wake. Hatari ni ule mchana mtupu unaoanzia kibarazani na kuishia kilabuni. Na ikiwa moyo umelemewa mpaka mtu aona heri asiwepo, asikae peke yake hata usiku mmoja. Amwite ndugu, amwite padre, aende kwa mganga wa hospitali. Huo ni ugonjwa kama homa, nao hutibiwa.

Lakini mzigo huu si wa mtu mmoja na nyumba yake tu. Katika Injili ya Mateo, sura ya 20, twasoma habari za mwenye shamba la mizabibu. Wakristu wa Dodoma, ambako mapadre wamisionari walianza kupanda mizabibu huko Bihawana mwaka 1957, wajua vema kazi ya shamba hilo. Mwenye shamba yule alitoka mara tano kwa siku moja kwenda sokoni kutafuta watu. Saa ya mwisho akawakuta wengine wamesimama, akawauliza kwa nini wamekaa bure; wakajibu kwamba hakuna aliyewaajiri. Hakuwaita wavivu. Aliliamini neno lao, akawapa kazi, na jioni akawapa ujira wa kulisha nyumba zao.

Je, sisi twatoka mara ngapi? Kila Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo huwajua wagonjwa wake na wafiwa wake. Na iwajue pia waliopoteza kazi, bila kuwatangaza wala kuwaaibisha. Mwenye kibarua cha siku mbili ampe jirani huyo. Ajuaye nafasi fulani amwambie. Mwenye kusoma sheria amsomee barua yake kabla siku thelathini hazijapita. Michango ya jumuiya isidaiwe kwake kwa ukali; asije akaikimbia sala kwa kukosa shilingi elfu moja. Nanyi waajiri Wakristu, mnapolazimika kupunguza watu, sheria yawaagiza kuwaeleza na kushauriana nao kabla ya kuamua. Fanyeni hivyo uso kwa uso, walipeni kilicho chao, na msimwache mtu aliyewatumikia miaka mingi asome habari zake ubaoni langoni.

Mwaka 1955 Baba Mtakatifu Pius XII aliiweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Twamfikiria Yosefu daima akiwa na randa mkononi. Lakini yeye pia alipata usiku wa kuondoka akiacha kila kitu nyuma, na kukimbilia Misri pamoja na Mtoto na Mama yake. Injili haituambii alipataje riziki katika nchi ile ya kigeni. Yatuambia tu kwamba aliamka usiku ule ule akaondoka pamoja nao. Hakuwaficha hatari, wala hakwenda peke yake.

Leo jioni basi, kama iko barua mfukoni mwako, itoe. Iweke mezani mbele ya wale wakupendao. Salini pamoja, kisha mhesabu siku.