Mikono Inapokataa Kazi



Mwezi uliopita, baada ya kuhubiri juu ya bidii, mama mmoja wa ushirika wetu alitungoja mlangoni. Anasuka nywele huko Katwe, kichwa baada ya kichwa, tangu asubuhi hadi taa zinapowashwa. Alitufungulia viganja vyake akasema: "Mchungaji, usiku vidole hivi vinakufa ganzi, mchana kitana kinanianguka. Nikikaa majuma mawili bila kusuka, nitakuwa yule ambaye Paulo alisema asile?" Tulimwombea, akaenda zake, na sisi tukabaki na swali.

Swali hilo si la mtu mmoja. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi, lakini msaada wa chakula kwa kawaida hutolewa kwenye makazi kama Nakivale na Kyangwali. Hapa Kampala kila mtu anakula jasho lake. Basi tunafua nguo za watu, tunasuka, tunakunja shanga za karatasi, tunashona vitenge, na kazi hizi zote huchosha kifundo cha mkono. Hapo ndani kuna njia nyembamba ambamo kano tisa za vidole na mshipa mmoja wa fahamu hupita pamoja. Mkono ukikunja na kukamua siku baada ya siku, pana uvimbe, nafasi inapungua, mshipa unabanwa. Ndipo kidole gumba na viwili vinavyokifuata vinapokufa ganzi, hasa usiku. Si uchawi, ingawa tumesikia wakisema hivyo, wala si uvivu.

Tena si jambo la leo. Tabibu wa Italia, Bernardino Ramazzini, aliandika mwaka 1713 juu ya makarani walioumia mikono kwa kuandika kutwa. Anasimulia habari za mmoja ambaye mkono wa kuume ulimshinda, akajifunza kuandika kwa wa kushoto, na baada ya muda huo nao ukapatwa na ugonjwa ule ule. Tunamfikiria sana karani yule. Nasi ndivyo tunavyofanya nyumbani: mama mikono ikimkataa, tunamwita binti wa miaka kumi kwenye beseni.

Tumerudi kwa Paulo. Kwa Wathesalonike anamkemea asiyetaka kufanya kazi. Kutaka ni jambo la moyo, na moyo wa mama yule unataka kuliko mikono yake inavyoweza. Sisi tulihubiri kana kwamba imeandikwa asiyeweza, na kosa hilo ni letu. Hata Paulo, fundi wa mahema, hakuandika kila barua kwa mkono wake. Mwishoni mwa Warumi, Tertio anajitaja kuwa ndiye mwandishi. Hatusomi popote kwamba Paulo aliitwa mvivu.

Lakini kumwambia mama apumzike huku mwenye nyumba anadai kodi ni maneno matupu, na sisi wachungaji tunayo mengi ya namna hiyo. Kupumzika kuna gharama. Nani ailipe? Tunaona si haki iwe juu yake peke yake. Mashati meupe tunayosimama nayo madhabahuni kila Jumapili yamekamuliwa na mikono kama ile.

Nesi amemshauri afunge mkono usiku ukiwa umenyooka, na mchana apumzike kati ya kichwa na kichwa. Ganzi isiyoondoka, au nyama ya chini ya kidole gumba ikianza kupungua, ni ya kupelekwa hospitali bila kukawia. Dada wawili wamekubali kuwasuka wateja wake kwa majuma matatu na kumpa nusu ya malipo.

Wanaume, Jumamosi saa mbili asubuhi tukutane kwenye bomba nyuma ya kanisa. Mablanketi na suruali nzito tutakamua sisi, wawili wawili, kila mtu ashike upande wake. Aje na beseni.