Mkanda Unaolia Usiupake Sabuni

Wanangu wa Issuna, siku hizi nayasikia magari yenu kabla sijayaona. Alfajiri gari likiwashwa uani, mkanda unapiga ukelele mkali unaofika mpaka barabara kuu ya Manyoni na Singida. Punde sauti inakatika, na mwenye gari anaondoka akiamini kwamba injini ilikuwa na baridi tu, sasa imepata moto. Mkanda ule haujapona. Naomba mnisikilize katika hili, maana wengi wenu mmeyanunua magari hayo kwa jasho la alizeti, na ndani yake mnapakia mama zenu, wake zenu na watoto wa majirani.

Asubuhi betri imetoka kupiga stata, kwa hiyo altaneta inafanya kazi kubwa kurudisha chaji, na puli yake inakuwa nzito kuzungushwa. Mkanda uliolegea au uliochakaa unashindwa kuuvuta mzigo huo, unateleza juu ya chuma, na msuguano huo wa mpira na chuma ndio mnaousikia. Betri ikishapata chaji kidogo mzigo unapungua na kelele inakoma, lakini ulegevu uko palepale. Kata usukani mpaka mwisho, au washa taa zote na eisii kwa pamoja, utausikia tena.

Najua dawa mnazopeana vijiweni. Mmoja anasugua kipande cha sabuni kwenye mkanda, mwingine anapaka grisi, wa tatu anadondoshea oili. Hiyo ni funika kombe mwanaharamu apite. Sabuni inanyamazisha kwa safari moja au mbili na haikazi chochote. Oili na grisi ni mbaya zaidi, kwa sababu mpira hulainika na kuvimba, ukateleza kuliko mwanzo, kisha ukachanika. Kazi nzima ya mkanda ni kung'ang'ania puli, nanyi mnaupaka kitu cha kuufanya uachie!

Hebu fikirini kinachotegemea mpira huo mwembamba. Mkanda unazungusha altaneta, pawa stelingi na eisii, na katika injini nyingi unazungusha pia pampu ya maji. Pampu ya maji ikisimama, gari linachemsha ndani ya dakika chache. Dereva anayesema "ngoja nifike tu Ikungi" anafika na silinda hedi iliyopinda na gasiketi iliyoungua. Fedha ambayo ingenunua mkanda sasa haitoshi hata kuanza mazungumzo na fundi.

Lakini linaloninyima usingizi hasa ni magari ya dizeli yanayobeba abiria. Chukueni Hiace zenye injini ya 2L au 3L. Nyuma ya altaneta kuna pampu ndogo inayonyonya hewa, na mvuto wa pampu hiyo ndio unaousaidia mguu wa dereva kukandamiza breki. Altaneta inazungushwa na mkanda, na pampu inazungushwa na altaneta. Mkanda ukikatika, utakanyaga breki mara moja au mbili kwa msaada uliobaki, kisha pedali inakuwa ngumu na gari linasimama kwa nguvu za paja lako tu. Sasa jiwekeni juu ya Mlima Sekenke, mnateremka kuelekea Shelui na mbuga ya Wembere, gari limejaa watu na magunia. Kijana aliyepaka sabuni asubuhi hakunyamazisha kelele peke yake. Aliondoa onyo la mwisho ambalo breki zake zilikuwa nalo. Hili nalisema kwa uchungu, na nitalirudia kwa kila anayeshika usukani hapa kijijini.

Kurekebisha nyumbani sikukatazi. Singida mjini kuna mafundi wazuri, lakini kazi hii kijana makini anaiweza chini ya mwembe, mradi aheshimu vidole vyake. Zima injini. Funguo iweke mfukoni mwako mwenyewe, usimwachie mdogo wako aliyekaa kwenye kiti. Fungua waya wa hasi wa betri, kwa kuwa feni ya umeme ya rejeta katika magari mengi huweza kuanza kuzunguka yenyewe injini ikiwa bado ya moto. Vua saa na mkufu, kunja mikono ya shati, na mwenye shuka au kanga asisogee kwenye boneti. Injini ya gari lililosimama ikinguruma tu inazunguka zaidi ya mara kumi kwa kila sekunde. Jicho halifuatani nayo, sembuse kidole.

Kuna jaribio moja tu nalolikubali injini ikiwa inaunguruma, nalo ni la maji. Toboa kifuniko cha chupa, simama pembeni, rushia maji kidogo upande wa mkanda wenye mifereji huku mkono ukiwa mbali. Sauti ikizidi kuwa kali, mkanda unateleza kwa kulegea. Kama ulikuwa mlio mfupimfupi wa kukatakata, ukapotea kidogo na kurudi maji yakikauka, basi puli hazijakaa kwenye mstari mmoja, na kukaza hakutasaidia. Ikiwa maji hayabadilishi kitu, zima, toa mkanda, zungusha kila puli kwa mkono. Inayokwaruza au kuchezacheza ina beringi iliyokufa. Hapo mmekuwa mkiusingizia mkanda.

Kabla ya kuutoa mkanda mrefu unaopita puli nyingi, piga picha kwa simu. Nimewaona vijana wenye akili nzuri wakizunguka gari mchana kutwa kwa kusahau ulipita wapi.

Uliolegea hukazwa kwa kusogeza altaneta. Katika Toyota nyingi unalegeza kwanza bolti ya egemeo, mara nyingi namba 14, kisha unakaza taratibu bolti ya kurekebishia, mara nyingi namba 12. Bonyeza kwa kidole gumba katikati ya kipande kirefu cha mkanda: ukishuka kama sentimita moja, inatosha. Msikaze kwa hasira. Mkanda uliobanwa kupita kiasi unazivuta beringi za altaneta na pampu ya maji mpaka zinakufa. Gari lenye tenshena ya kujikaza yenyewe halikazwi hivyo. Springi ikichoka, tenshena inabadilishwa.

Kuna mikanda isiyokazika tena. Ule wa umbo la V hushika puli kwa mbavu zake mbili, na haupaswi kugusa sakafu ya mfereji. Ukiona umezama hadi chini na mbavu zinang'aa, ubadilisheni. Injini ya 1HZ ya Land Cruiser ina mikanda miwili inayokwenda pamoja, nayo hubadilishwa yote kwa siku moja, la sivyo mpya unabeba mzigo wa wawili. Ile yenye mifereji mingi ya kisasa inadanganya zaidi, maana inaweza kuchakaa sana bila kuonyesha hata ufa mmoja. Mifereji huliwa ikapanuka tu. Na kwetu inaliwa haraka, kwa sababu upepo wa Singida wakati wa kiangazi hujaza vumbi la mchanga kwenye puli, na vumbi hilo ni msasa. Mkanda ukiwa nje, safisheni puli kwa brashi kavu. Mkiona oili inavuja juu yake, zibeni kwanza uvujaji huo, au mkanda mpya utaufuata wa zamani.

Mkienda dukani msiseme tu "nipe feni belti ya Toyota". Someni mgongo wa ule wa zamani. Ukiandikwa 4PK880, maana yake una mbavu nne na urefu wa milimita 880. Tofauti ndogo tu ya urefu inaweza kumaliza nafasi ya kukazia. Namba ikiwa imefutika, nendeni nao wenyewe mkononi.

Baada ya kufunga mpya wa umbo la V, utembezeni kidogo, zimeni, pimeni tena, kwa sababu hunyooka siku za mwanzo. Wa zamani, kama haujachanika, kaeni nao chini ya kiti kwa dharura ya njiani. Na yule asiye na spana namba 12 na 14 aje nyumbani kwangu kabla ya jua kuwa kali. Zangu zipo, na nitasimama naye pale kwenye boneti mpaka amalize.