Shabiki Hana pa Kuhamia

Jumamosi ya tarehe 8 Machi 2025 Simba na Yanga walikuwa wakutane Uwanja wa Benjamin Mkapa. Hadi kunakucha siku hiyo Simba walikuwa wameshatangaza kwamba hawachezi, wakieleza kuwa usiku uliotangulia walizuiwa kuingia uwanjani kufanya mazoezi, na baadaye Bodi ya Ligi ikaahirisha mchezo. Mabasi ya mikoani yalikuwa yameshamwaga watu Dar es Salaam, jezi zimevaliwa, tiketi zimelipiwa. Mabishano ya kanuni yakachukua zaidi ya miezi mitatu, na mechi ikaja kuchezwa tarehe 25 Juni. Miaka minne kabla ya hapo, tarehe 8 Mei 2021, mchezo wa watani hao hao ulisogezwa kutoka saa 11 jioni hadi saa 1 usiku siku hiyo hiyo. Yanga wakafika kwa saa ya awali, wakaondoka, na mechi ikafa huku watu wako majukwaani.

Sitaki kuamua hapa nani alikuwa na haki kati ya timu, bodi na shirikisho la soka. Kilichonishughulisha ni yule aliyekaa usiku kucha ndani ya basi. Alikosewa nini hasa? Tiketi ina bei, na bei hurudishwa. Nauli nayo ina bei. Lakini ukimrejeshea vyote viwili, pamoja na posho ya chakula, bado utakuwa hujagusa kilichomuuma. Watu wazima walikaa wakabishana juu ya siku yake kubwa, kila upande ukiwa na barua na vifungu vyake, na yeye hakuwa upande wowote katika mabishano hayo. Alihesabiwa kuwa mnunuzi wa tiketi tu, wakati yeye alikuja kama mwenye shughuli.

Swali langu limo humo. Klabu za mpira sasa ni biashara, na biashara ina wateja. Je, mapenzi ya shabiki yanaweza kugeuzwa kuwa uteja bila kitu kuharibika?

Mwaka 1970 mchumi Albert Hirschman alichapisha kitabu kidogo kuhusu njia mbili alizonazo mtu anapoona kampuni, chama au nchi yake inakwenda vibaya: kuondoka, au kupaza sauti. Uaminifu, kwa hoja yake, ndio unaomchelewesha mtu kuondoka na kumfanya ajaribu sauti kwanza. Sabuni ikipunguzwa povu na kupandishwa bei, mama mwenye nyumba hahitaji kuandika barua kiwandani. Kesho ananunua ya jirani, na kiwanda kitaisoma barua hiyo kwenye hesabu zake. Soko humlinda mteja kwa sababu mteja anaweza kuhama.

Sasa mchukue Yanga kindakindaki, mtu ambaye baba yake alikuwa Yanga, aliyezomewa utotoni mtaa mzima baada ya kufungwa. Klabu ikimuudhi atahamia wapi? Msimbazi, kwa Simba? Hata kulitamka ni kama matusi. Anaweza kukaa nyumbani, anaweza kuapa kwamba hataki tena kusikia habari za mpira, lakini Jumapili jioni utamkuta anauliza matokeo. Mlango wa kuondokea kwake umezibwa, na aliyeuziba ni yeye mwenyewe, kwa mapenzi yake. Kwa muuzaji hakuna neema kubwa kuliko hiyo: mnunuzi asiyeweza kwenda duka la pili. Ndiyo maana naona ni kosa kusema shabiki asiyependa bei mpya, nembo mpya au ratiba mpya aache kununua. Ushauri huo unamfaa mteja wa sabuni. Shabiki amebakiwa na njia moja ya Hirschman, sauti, na klabu ikiipuuza hiyo imemwacha bila kitu.

Mtu anaweza kujibu kwamba basi kosa ni la shabiki, kwamba mapenzi yasiyo na mlango ni upumbavu. Sikubali. Tutazame kinachopendwa. Wachezaji? Clatous Chama aliyeimbwa Msimbazi kwa misimu kadhaa alivaa jezi ya Yanga mwaka 2024. Makocha huja na kuondoka kabla hatujazoea kutamka majina yao. Wasemaji? Haji Manara alikuwa sauti ya Simba kwa miaka, na mwaka 2021 akawa sauti ya Yanga. Maneno yake yalivuka naye, umati haukuvuka. Jina lenyewe? Klabu iliyozaliwa mwaka 1936 iliwahi kuitwa Queens, ikaitwa Eagles, ikaitwa Sunderland, na ni mwaka 1971 tu ilipokuwa Simba. Aliyeshangilia Sunderland mwaka 1970 na Simba mwaka 1972 hakuhama hata hatua moja.

Kila kinachoweza kuandikwa kwenye mkataba kimebadilika. Kilichodumu ni watu wanaosimuliana: babu aliyeona bao fulani, shangazi aliyepika siku ya ubingwa, tawi lililochanga nauli. Ninaposema klabu ni mashabiki sisemi hivyo kwa kuwapamba kama viongozi wanavyofanya majukwaani siku ya uchaguzi. Nasema kwamba ukitafuta kitu kimoja kinachoifanya Yanga ya 1935 na Yanga ya leo ziwe Yanga moja, hutakipata kwingine.

Waingereza walilipima jambo hili kwa uchungu. Mwaka 2002 mamlaka za soka ziliwaruhusu wenye klabu ya Wimbledon kuihamisha kutoka kusini mwa London hadi Milton Keynes, mji ulio mbali kwa zaidi ya kilomita 80. Leseni ilihama, wachezaji walihama, nafasi kwenye ligi ilihama. Mashabiki hawakuhama. Waliunda timu mpya, AFC Wimbledon, wakafanya majaribio ya wachezaji kwenye uwanja wa wazi wa umma, wakaanzia madaraja ya chini. Mwaka 2011 walirudi kwenye ligi ya kulipwa, na mwaka 2020 wakarudi kucheza Plough Lane, mtaa wao wa asili. Kabla ya hapo ile klabu ya Milton Keynes ilikuwa imekubali kuacha kudai historia na vikombe vya Wimbledon, na kumbukumbu hizo zikarudishwa nyumbani. Sheria ilisema klabu ni ile iliyohama, na sijakutana na mtu anayeijua habari hiyo anayekubaliana na sheria.

Kama hayo ni kweli, biashara ya mpira ina sura isiyo ya kawaida: bidhaa inatengenezwa na wanaouziwa. Mei 2021 shirikisho la soka Tanzania lilitia saini na Azam Media mkataba wa haki za matangazo wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10. Katika fedha hizo ziko pasi na mabao, lakini zimo pia ngoma za jukwaani, utani wa jadi, vilio vya waliofungwa na mzozo wa kijiweni ulioanza Jumatatu. Nani angelipa kiasi hicho kwa wachezaji 22 kwenye uwanja mtupu? Ulaya ilijaribu bila kutaka. Ujerumani iliporudisha ligi Mei 2020 wakati wa korona, viti vikiwa wazi, watangazaji waliwapa watazamaji kelele zilizorekodiwa. Walijua kwamba mpira bila kelele za watu haukuwa ule waliokuwa wakiuuza.

Mambo mengine yanauma zaidi. Kijana wa Kariakoo anavaa jezi feki kwa sababu halisi imemshinda bei, na siku ya msako anatazamwa kama mwizi wa rangi ambazo babu yake alizivaa kabla hakujawa na mtu wa kuziuza. Naelewa hoja ya klabu: jezi halisi inalipa mishahara. Lakini anayemwita kijana huyo adui wa klabu amesahau klabu ni nani. Jambo jingine ni kifua cha jezi. Mwaka 2022 Simba ilitangaza mkataba wa miaka 5 na M-Bet wenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 26, na mwaka huo huo Yanga ikafunga mkataba mpya wa miaka 3 na SportPesa. Kampuni ya kubashiri hupata faida pale wabashiri kwa jumla wanapopoteza, na wengi wa wabashiri hao ndio hao hao wa jukwaani. Klabu inapokodisha kifua chake kwa biashara ya namna hiyo, inakodisha imani ambayo vijana wanayo kwa rangi zake. Hilo silioni kama jambo dogo la kihasibu.

Hata hivyo sina hamu ya zamani. Enzi za wanachama peke yao hazikuwa peponi. Mwaka 1976 mgogoro uliipasua Yanga na kuzaa Pan African. Baadaye tukawa na Yanga Asili na Yanga Kampuni, watu wa klabu moja wakipelekana mahakamani. Kulikuwa na wachezaji waliodai mishahara, na wafadhili waliotoa fedha kwa mkono mmoja na kupanga kikosi kwa mkono wa pili bila kuandikwa popote. Mwaka 2017 wanachama wa Simba wenyewe waliridhia mfumo mpya, ambao hatimaye mgawo wake ukawa Mohammed Dewji asilimia 49 kwa shilingi bilioni 20, wanachama asilimia 51. Fedha zilionekana uwanjani. Simba walifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2019, Yanga wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2023 na kulikosa kwa kanuni ya bao la ugenini, Simba nao wakafika fainali hiyo mwaka 2025. Usiku wa furaha wa namna hiyo haudharauliwi na mtu mwenye moyo. Anayetaka kuitenga fedha na mpira anataka mpira ambao hata babu zetu hawakuucheza.

Tunachohitaji ni mpaka, na mimi nauweka hapa. Kitu ambacho shabiki anaweza kukikataa akabaki shabiki, kiuzwe. Jezi ya tatu ya msimu, kikombe chenye nembo, tamasha la Simba Day au Wiki ya Mwananchi lenye wasanii wa bei kubwa: asiyetaka ataacha, na Simba yake au Yanga yake itabaki nzima. Kitu ambacho hawezi kukikataa isipokuwa kwa kuacha kuwa shabiki hakipaswi kuamuliwa bila yeye. Humo naweka jina, rangi, makazi ya klabu, siku na saa ya mechi, na bei ya kiti cha chini kabisa.

Mpaka huu hautegemei matokeo. Cardiff City ya Wales ilivaa bluu kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 2012 mmiliki wake, Vincent Tan wa Malaysia, aliibadili kuwa nyekundu ili iuzike Asia. Msimu huo huo timu ilipanda Ligi Kuu ya Uingereza, jambo ambalo mashabiki walilisubiri miaka mingi. Kwa hesabu za mteja, wangeshukuru. Mapema 2015, baada ya manung'uniko yasiyokoma, bluu ilirudi. Na Februari 2016, Liverpool ilipotangaza tiketi ya pauni 77, maelfu waliinuka dakika ya 77 timu yao ikiongoza 2-0 na kutoka nje. Siku chache baadaye wamiliki waliifuta bei hiyo. Nawaita waliotoka siku ile waaminifu kuliko wengi waliobaki. Kupiga makofi kwa kila kitu ni rahisi, na viongozi wabovu wa klabu zetu wameishi miaka mingi kwa makofi hayo.

Kwetu, ile asilimia 51 inasomeka vizuri. Lakini ni ya wanachama wenye kadi. Muuza mitumba wa Kigoma anayelipa kiingilio kwenye kibanda umiza kila wikiendi, akisimama nyuma ya watu mia mbele ya televisheni moja, hana kadi wala hisa, na pengine hajawahi kuuona Mkapa kwa macho yake. Wajerumani wana kanuni yao ya nusu ya kura na moja zaidi kubaki kwa wanachama, na hata huko mashabiki walilazimika kurusha mipira ya tenisi viwanjani mapema 2024 hadi ligi ikaachana na mpango wa kuleta mwekezaji. Hisa nyingi bila masikio zina thamani ndogo.

Kwa hiyo nitaendelea kutazama bei ya mzunguko, yaani viti vile vya bei ya chini kabisa. Wanaokaa mzunguko ndio wanaopiga ngoma, ndio wanaofika saa 5 asubuhi kwa mechi ya jioni, na kelele zao ndizo zinazosikika kwenye matangazo. Siku bei hiyo itakapopandishwa hadi wao wabaki kwenye vibanda umiza na nafasi zao wachukue watu wa kupiga picha, mapato ya mlangoni yanaweza hata kuongezeka, na hesabu za mwaka zitapendeza. Katiba za klabu zote mbili zinaweza kuizuia siku hiyo kuanzia sasa kwa vipengele viwili: kwamba bei ya mzunguko haipandi bila idhini ya mkutano mkuu, na kwamba matawi ya mikoani, wenye kadi na wasio nazo, yana wajumbe wao pale mechi inaposogezwa. Vipengele hivyo havimgharimu mwekezaji hata shilingi moja ya hisa zake.