Karatasi Chini ya Mlango

Wapenzi wakatekumeni, wengi wenu mnao ndugu walio Waprotestanti. Jioni, mkiota moto, mmoja hutaja Papa, mwingine hutaja Biblia, sauti hupanda, na hakuna amsikilizaye mwenziwe. Sikilizeni basi habari za Mtakatifu Fransisko wa Sales.

Mwaka 1536 watu wa Bern, katika Uswisi, waliiteka nchi ya Chablais kando ya ziwa la Geneva, wakaondoa Misa, wakaweka dini ya Waprotestanti. Baadaye nchi ilirudi kwa mtawala wa Savoy, aliye Mkatoliki. Lakini watoto walikuwa wamekwisha kulelewa katika dini ile. Septemba 1594 Fransisko, padri wa miaka 27, aliingia huko pamoja na binamu yake Louis. Alilala ngomeni Allinges, akaenda kwa miguu kuhubiri katika mji wa Thonon. Wakubwa wa mji waliwakataza watu wasimsikilize. Kanisani walikuja wachache mno.

Akafanyaje? Alishika kalamu. Aliandika juu ya Eklezia, Papa, Maandiko na sakramenti, karatasi moja moja. Zikanakiliwa, zikapenyezwa chini ya milango. Aliyeogopa kuonekana kanisani aliweza kusoma usiku nyumbani mwake. Hakuficha neno la imani, na mahali pengine aliandika kwa ukali. Hata hivyo aliwaita wasomaji wake mabwana. Siku ya Noeli 1596 Misa iliadhimishwa tena Thonon.

Lakini tusifiche yaliyofuata. Mwaka 1598 mtawala mwenyewe alifika Thonon, akawaamuru waliokataa kugeuka waondoke nchini, na Fransisko hakumpinga. Je, mtu anayeungama ili asipoteze shamba lake, ameungama nini? Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulifundisha wazi kwamba mtu asishurutishwe katika mambo ya dini.

Mimi hupenda zaidi kukumbuka mwaka 1597. Fransisko alikwenda Geneva kwa siri kuonana na Theodore Beza, mrithi wa Calvin, mzee wa karibu miaka 80. Walizungumza kwa heshima. Beza hakugeuka, naye Fransisko alirudi kumwona tena. Beza alifariki mwaka 1605 katika dini yake. Fransisko alikuwa Askofu wa Geneva tangu 1602, lakini mji ule haukumpokea kamwe. Alikaa Annecy mpaka alipofariki safarini, mwaka 1622.