Jina la Mario, jina la Mkristo



Aliyecheza gemu ya Super Mario Bros. anamjua yule fundi bomba mwenye masharubu. Anakimbia, anaruka, anakula uyoga anakuwa mkubwa, yote ili amwokoe binti mfalme. Nintendo waliitoa mwaka 1985, na hadi leo ukisikia tu muziki wake, unatabasamu.

Mwaka 1993 Hollywood wakaitengenezea filamu. Bob Hoskins akawa Mario, John Leguizamo akawa Luigi. Kumbe! Badala ya ile nchi ya rangi na uyoga, watu wakakuta jiji chafu, lenye giza, la viumbe waliotokana na dinosaria. Jina ni lile lile, ila ule utamu wa gemu ukiutafuta huuoni. Hoskins mwenyewe baadaye alikiri kuwa hiyo ndiyo kazi mbaya kuliko zote alizowahi kufanya.

Sasa, kosa lilikuwa nini? Kubadilisha? Hapana. Kwenye gemu unaruka wewe, kwenye filamu umekaa unatazama, kwa hiyo lazima kitu kibadilike. Mtakatifu Fransisko wa Asizi alivaa vazi la maskini. Mtakatifu Carlo Acutis, aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15, alivaa jinzi na raba, na gemu alicheza. Maisha tofauti kabisa, Injili ile ile. Kosa ni kubeba jina na kuacha kiini.

Hapo ndipo niliposhtuka. Wafuasi wa Yesu waliitwa Wakristo kwa mara ya kwanza kule Antiokia. Mimi jina hilo nililipata siku ya ubatizo. Rozari ninayo, picha ya Bikira Maria ipo kwenye simu. Lakini juzi mdogo wangu aliniomba nimsaidie hesabu, nikamfokea, eti ananisumbua niko na simu. Yeye siku ile alikutana na nani?

Utasema, jamani, Kristo ni mkubwa mno, nani anaweza kumwonyesha sawasawa? Ni kweli. Hakuna anayedai tuwe wakamilifu. Ila hela ya tiketi ikipotea, kesho umesahau. Mtu akimkatia tamaa Kristo kwa sababu yangu, hilo nitalifidiaje?

Habari njema ni kwamba jina la Mario halikutupwa. Mwaka 2023, miaka 30 baadaye, ikatoka filamu nyingine, ya katuni. Safari hii Shigeru Miyamoto, aliyembuni Mario, alikuwa mmoja wa watayarishaji wake. Watu wakajaa kwenye majumba ya sinema dunia nzima, na wengi wakamtambua Mario wao.

Yaani, walirudi kwa mwenye hadithi. Na sisi njia yetu ni hiyo hiyo. Huwezi kumwonyesha Kristo usiyekaa naye. Tuna Neno lake, tuna Ekaristi, na pale tulipoharibu tuna Kitubio. Kukiri kwamba nimeharibu siyo mwisho wa jina langu la Mkristo. Ndipo linapoanza kutengenezwa.

Wiki hii, rafiki, mtafute mtu mmoja aliyekutana na giza alipokutana na wewe. Mwombe msamaha. Mimi naanza na mdogo wangu, kisha tunafungua lile daftari la hesabu.

Maria, Mama wa Kanisa, utuombee.