Kuuliza Kabla ya Kushika

Soma Marko 10:46–52. Upofu wa Bartimayo ulionekana na wote pale Yeriko. Hata hivyo Yesu alimwuliza anataka afanyiwe nini. Mwombaji yule angeweza kuomba sadaka tu. Uchaguzi ulikuwa wake.

Kituoni Pugu Kajiungeni, mwenye fimbo nyeupe hushikwa mkono na kupandishwa daladala, pengine la Kisarawe, naye anakwenda Chanika. Aliyemshika ana nia njema, ila ameukamata mkono wenye fimbo, ambayo ndiyo macho yake. Angeulizwa, huenda angeomba kushika kiwiko cha msaidizi na kumfuata. (Bodaboda ikija kwa kasi, mvute kwanza, hilo halina mjadala.)

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua uhuru wao wa kujiamulia. Ugumu huanza mtu anapojibu, “Hapana, asante.” Msaidizi hununa, kana kwamba amenyang'anywa baraka. Je, msaada huo ulikuwa kwa ajili ya nani?

Jadilini: Sabato iliyopita, nani alisukuma kiti cha magurudumu kanisani bila kumwuliza aliyekikalia?